Breki Hazikatiki Zenyewe

Kila lori au basi dogo linapopinduka katika mteremko wa kwenda Kyela, habari hutufikia hapa chumba cha habari ikiwa imekwisha kuvalishwa nguo zake: chanzo cha ajali ni breki kukatika. Maneno hayo sasa yamekuwa kama sala ya maziko. Huyasema dereva aliyenusurika, huyasema mwenye gari kwa simu, huandikwa katika daftari, nasi wenye magazeti, na tukiri kosa letu, tunayachapa kama tulivyoyapokea. Msomaji huguna, huwaombea marehemu, kisha hufungua ukurasa wa michezo. Hakuna aulizaye breki hizo zilikatwa na nani.

Leo twataka kuuliza sisi.

Wasomaji wetu wa Mbeya, Rungwe na Kyela waijua barabara hiyo kwa kila kona yake. Kwa ajili ya ndugu walio mbali, twaieleza kwa ufupi. Yaachana na njia kuu ya Tanzania na Zambia pale Uyole, yapanda kupitia Igawilo mpaka Isyonje, mahali penye ukungu na baridi ya kutetemesha meno, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Baada ya hapo yaanza kuteremka: Kiwira, kisha kupanda kidogo hata Tukuyu, kisha migomba na chai na parachichi pande zote mbili, Ushirika, hata kufikia Ibanda na nchi tambarare, ambako njia moja yaenda Kasumulu mpakani mwa Malawi na nyingine yaenda mjini Kyela na kwenye bandari ya Itungi. Ziwa Nyasa lenyewe liko chini ya mita 500. Kwa hiyo mtu aliyekunywa chai yake Isyonje akiwa amejifunika koti, hufika Kasumulu akitafuta kivuli cha mwembe, naye hajamaliza kilomita mia moja. Ameshuka zaidi ya mita 1,500. Njia hiyo hiyo hupitisha mpunga na kakao ya Kyela, ndizi za Rungwe, mafuta na mbolea iendayo Malawi, watoto wa shule, wagonjwa waendao hospitali za Mbeya, na maiti warudishwao kwao kuzikwa.

Hapa hatuna budi kuingia kidogo katika elimu ya darasani, maana uchawi wote wa breki kukatika umejificha humo. Lori lenye uzito wa tani 50, likishuka mita 1,500, lazima liipoteze nguvu ya mshuko ule wote kabla ya kusimama Kasumulu. Nguvu hiyo ikigeuzwa yote kuwa joto, yatosha kuchemsha zaidi ya lita 2,000 za maji, yaani mapipa kumi yale tunayohifadhia maji majumbani. Joto hilo halipotei kwa dua. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi, sehemu huchukuliwa na injini ikiwa dereva yumo katika gia ndogo, na inayobaki huingia katika breki. Dereva aliyeshuka katika gia kubwa, mguu wake umekaa juu ya breki tangu Isyonje, amezipelekea breki sehemu kubwa ya mapipa hayo kumi. Pedi zikipata moto kupita kiasi, huteleza juu ya chuma badala ya kushika. Katika magari madogo, mafuta ya breki huchemka na kutoa mapovu, na dereva akikanyaga, mguu hufika sakafuni kama akanyagaye godoro. Hapo ndipo hupiga kelele kwamba breki zimekatika.

Lakini kilichokatika ni nini? Mara nyingi hakuna. Zikipoa, breki hizo hizo hushika tena. Kwa maneno mengine, chombo hakikumsaliti dereva ghafula. Kilikuwa kikimlalamikia njia nzima kwa harufu na kwa moshi, naye hakusikiliza.

Harufu hiyo tuliinusa wenyewe si zamani. Tulikuwa tumepanda haisi kutoka Uyole, tumebanana watu wanne katika kiti cha watatu, na mizigo ya magunia juu ya miguu yetu. Tulipoupita mji wa Kiwira, gari lilijaa harufu ya mpira na chuma vinavyoungua. Abiria walifunika pua kwa kanga na kwa kola za mashati, wala hapana aliyesema neno. Tulipoteremka Tukuyu kunyoosha miguu, utingo alikuwa amekwisha kuchota ndoo ya maji na kuyamwagia magurudumu ya mbele, nayo yalitoa mvuke kama chungu cha makande. Mama mmoja mtu mzima, mwenye ndoo ya parachichi, alimwuliza dereva, kijana wa umri wa mwanawe wa mwisho:

"Mwanangu, hilo gari linaumwa?"

"Pedi zimekwisha, mama. Tajiri amesema tumalize mwezi kwanza."

"Na mwezi ukitumaliza sisi?"

Kijana alicheka, na abiria wakacheka, nasi tukacheka pamoja nao. Tukapanda tena. Twaandika habari hii kwa haya, maana mwandishi wa tahariri hana ruhusa ya kuwalaumu abiria walionyamaza hali yeye mwenyewe alinyamaza na kulipa nauli.

Jibu la kijana yule lina mambo mengi ndani yake. Wenye kulaumu madereva husema ni wahuni, wavuta bangi, watu wasio na elimu. Wako wa namna hiyo, na sheria iwashughulikie. Walakini utaratibu wa kazi yenyewe tumeutazama mara chache mno. Dereva wa haisi hana mshahara. Ana hesabu: kila jioni sharti ampelekee tajiri kiasi kilichokubaliwa, ajaze mafuta, amlipe utingo, na kinachobaki ndicho chake na watoto wake. Siku gari likilala gereji hesabu haipungui. Kama tajiri ni mpole, itasogezwa mbele tu, ilipwe kesho. Kwa hiyo kila saa iliyopotea chini ya mwembe wa fundi imetoka katika sufuria ya dereva. Na kila abiria wa ziada, na kila dakika iliyookolewa kwa kuyapita magari mengine kwenye kona, imeingia katika sufuria hiyo hiyo. Mtu akipangiwa kazi kwa namna hii, kisha akashuka mlima kwa kasi, twawezaje kushangaa?

Dereva wa lori naye ana lake. Yeye hulipwa kwa safari, na humo njiani hupata kitu kidogo kwa dizeli aliyoibakiza. Ndiyo sababu huteremka kwa nyutro, injini ikinguruma polepole, gari likijiendea lenyewe kama jiwe lililoachiwa kilimani. Wazee wa kazi hiyo walifundishwa kwamba gia uliyopandia mlima ndiyo ya kuushukia, na somo hilo halijachakaa. Isitoshe, hata wizi wenyewe hauna faida. Katika injini nyingi za siku hizi, gari likishuka likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, injini hujifungia dizeli yenyewe, haichomi hata tone. Likiwekwa nyutro, sharti lichome dizeli ili injini isizimike. Basi yule adhaniaye kuwa anaiba dizeli ya tajiri anaimwaga njiani, tena anaitupa ile breki ya pili ambayo haipati moto, nayo ni injini. Twaomba wenye magari wawaeleze madereva wao jambo hili moja tu, hata kama hawatawaeleza jingine lolote mwaka huu.

Iko desturi nyingine ambayo kila msafiri ameiona. Lori likiharibika kwenye kona, taniboi hukimbia kukata matawi ya miti na kuyatawanya barabarani, kwa kuwa pembetatu za kuonya hazimo garini, au zimo lakini zimehifadhiwa kwa ajili ya kumwonyesha trafiki. Chini ya magurudumu huwekwa mawe makubwa. Lori likipona, huondoka, mawe hubaki. Usiku, katika ukungu wa Isyonje au mvua ya Kyela, mwendesha baiskeli mwenye gunia la mpunga au kijana wa bodaboda huyakuta mawe yale yakimngoja. Aliyeyaacha yuko Karonga analala. Kulirudisha jiwe mtaroni ni kazi ya dakika moja, wala haihitaji spea. Na kuna wale wawashao taa kuwaonya wenzao kwamba askari yuko mbele. Huuona ni udugu. Udugu gani huo, ambao humfanya mwenye tairi za vipara apunguze mwendo kwa mita mia mbili tu, kisha aendelee na safari ya kuua?

Hatari hii si ya kubuni. Upande wa pili wa jiji la Mbeya, katika mteremko wa Iwambi kwenye njia iendayo Tunduma, tarehe 1 Julai 2018 lori liliyagonga mabasi madogo na roho nyingi zikapotea. Tulilia, viongozi walikuja, maagizo yalitolewa. Mwezi Juni 2025, katika mteremko ule ule, lori jingine liliigonga gari ya abiria na watu zaidi ya ishirini wakafa. Tukalia tena. Mlima haukuhama. Mteremko wa Kiwira na ule wa kutoka Tukuyu kwenda Ushirika ni ndugu wa ule wa Iwambi, nao haufundishi somo tofauti.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, nayo inakataza gari bovu kuwekwa barabarani. Ndani ya makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na mabasi na malori hayaruhusiwi kupita 80 hata nje ya miji. Mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, iliyoundwa mwaka 2019, huyafuatilia mabasi makubwa kwa chombo kinachoonyesha mwendo wake. Haya yote ni mema. Lakini chombo cha kupima mwendo hakipimi unene wa pedi, na askari aliyesimama Ibanda mchana wa jua hawezi kujua gari lilikuwa katika gia gani pale Kiwira. Kipimo cha kweli hufanyika kabla ya safari, gari likiwa limesimama, fundi amelala chini yake kwa tochi. Huyo ndiye mtu asiyeonekana katika habari zetu.

Kwa hiyo twasema waziwazi, na tunajua baadhi ya wasomaji wetu hawatafurahi: dereva anayekataa kuondoka na gari bovu asifukuzwe kazi. Leo hufukuzwa. Anakataa asubuhi, na saa nne tayari kijana mwingine ambaye alikuwa akingoja kituoni ameshika usukani, pedi zikiwa zile zile. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi kisichoweza kumlinda mtu huyo kina kazi gani nyingine iliyo kubwa zaidi? Na mkataba wa maandishi, wenye mshahara japo mdogo, ungeokoa roho nyingi katika mteremko huo kuliko mabango yote yaliyopakwa rangi. Dereva mwenye mshahara anaweza kumwambia tajiri, "Gari hili leo haliendi," na watoto wake wakala.

Tena tusijifiche. Miongoni mwa wenye haisi, kosta na malori yapitayo njia hiyo wamo wanachama wenzetu, wamo na viongozi wa mitaa na vijiji. Wanayo haki ya kumiliki gari na kupata faida halali. Hatuna ugomvi na faida. Ugomvi wetu ni na yule asimamaye mkutanoni kuhimiza usalama, kisha jioni hupokea hesabu iliyotoka katika gari lisilo na breki. Pedi za magurudumu ya mbele ya haisi hazizidi kwa bei hesabu ya siku chache. Tajiri akiona siku chache hizo ni nyingi, afanye safari moja kwenda na kurudi ndani ya gari lake mwenyewe, akae kiti cha nyuma.

Tumesema mengi juu ya magari. Barabara nayo ina madai yake, na katika nchi ya Kyela mdai mkubwa ni maji.

Bonde la Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndiyo mwezi wenye hasira. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani ikiwa imebeba udongo, huutandaza bondeni, na kwa neema hiyo tunapata mchele unaosifiwa nchi nzima. Neema hiyo hiyo ikikuta mtaro umeziba hugeuka kuwa jembe la kuchimbua lami. Watu wengi hudhani lami huvunjwa na magurudumu. Kweli magurudumu huvunja, lakini maji ndiyo hufungua mlango. Mtaro ukijaa udongo na majani, maji hukaa kando ya lami, hunyonywa chini yake, udongo wa msingi hulainika, kisha lori la kwanza lipitalo juu yake hubonyeza. Hutokea ufa mwembamba kama unywele. Mvua ya kesho huingia katika ufa. Juma lijalo kuna shimo la ukubwa wa sahani, na mwezi ujao shimo la kulaza mbuzi, na dereva akilikwepa huingia upande wa mwenziwe. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote tangu darasa la pili, walakini hatujaihamishia barabarani.

Benki ya Dunia ilipotazama barabara za nchi 85 katika ripoti yake ya mwaka 1988, ilikuta kwamba barabara zenye thamani ya dola bilioni 40 hadi 45 zilikuwa zimepotea kwa kutotunzwa, na kwamba matengenezo ya wakati wake, ambayo yangezuia hasara hiyo, yasingefika dola bilioni 12. Mwenye nyumba yeyote wa Ipinda angeweza kuwaambia hayo bila ripoti, maana anajua bei ya kubadili bati moja na bei ya kujenga upya nyumba iliyooza paa. Tena wenyeji wa kaskazini mwa ziwa hili wana mfano wao wa zamani. Mwaka 1881 Waingereza walianza kukata barabara kutoka Karonga, jirani zetu kule ng'ambo ya Songwe, ili kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Iliitwa kwa jina la Stevenson, mfanyabiashara aliyetoa fedha zake. Haikukamilika kama ilivyokusudiwa, na vipande vikubwa vilirudi kuwa pori. Fedha zilikuwapo za kuanza. Za kuendelea ndizo zilizokosekana, na ramani za Ulaya ziliendelea kuichora.

Serikali yetu imejenga, nasi hatutaficha sifa. Mwaka 2019 ilizinduliwa barabara ya lami ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, yapata kilomita 39, na mtu aliyekuwa akisukuma gari katika matope ya Ipinda wakati wa masika anajua maana yake kuliko mwandishi yeyote. Kazi ya lami ikapangwa pia kwa njia ya kwenda bandari za Itungi na Kiwira kupitia Kajunjumele, ili meli zilizojengwa hapo Itungi, MV Njombe, MV Ruvuma na MV Mbeya II, zisikae majini zikingoja mzigo ulionasa matopeni. Lakini siku ya uzinduzi huwa na ngoma, hotuba na utepe. Siku ya kusafisha mtaro haina ngoma. Hatujapata kumwona mpiga picha wetu akitumwa kumpiga picha mtu mwenye jembe ndani ya kalvati, na hilo tunalirekebisha kuanzia sasa.

Wazee wanazikumbuka kambi za P.W.D. Kila kipande cha njia kilikuwa na watu wake na nyapara wake, na shimo likionekana kwenye kipande chako uliulizwa wewe. Nyapara wale hawakuwa malaika, na mishahara ya vibarua ilikuwa ya aibu; hatuutamani ukoloni wala bakora yake. Tunautamani ule utaratibu wa shimo kuwa na mwenyewe. Siku hizi barabara kuu na za mkoa ziko mikononi mwa TANROADS tangu mwaka 2000, na za wilaya na vijiji ziko mikononi mwa TARURA tangu 2017. Mwananchi wa kawaida hajui ipi ni ya nani, wala hana sababu ya kujua. Anachojua ni kwamba kalvati iliyo mbele ya duka lake imeziba na kila ofisi aendayo humwelekeza nyingine. Fedha za matengenezo hatupewi zawadi. Tunazilipa sisi wenyewe kila tununuapo mafuta, na mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kijana wa bodaboda ajazaye lita mbili asubuhi Kyela mjini ametoa shilingi 200 zake kabla hajapata abiria wa kwanza. Ana haki ya kuuliza zimefika wapi, na kuulizwa huko kusichukuliwe na mtu yeyote kuwa ni ukaidi.

Mzigo kupita kiasi ni jambo la kutazamwa peke yake. Wamarekani walifanya jaribio kubwa huko Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960, wakiendesha malori mchana na usiku juu ya barabara zilizojengwa makusudi ili zivunjwe. Walichokipata ni kwamba uharibifu haukui sawasawa na uzito. Hukua kwa kuruka. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikibeba 12, mzigo umeongezeka kwa sehemu moja katika tano, lakini kuumia kwa barabara kunakaribia kuongezeka mara mbili. Kwa hiyo yule ambaye hukwepa mizani usiku, au humpa mtu wa mizani cha kumfumbia jicho, haibi tani mbili. Anaiba miaka ya barabara, na tani zile zile mbili humwongezea joto katika breki zake. Wanaharibu njia na breki kwa gunia lile lile. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka sheria moja ya uzito wa magari, tani 56 kuwa kikomo, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Wafanyabiashara walilalamika sana. Tuliwasikia. Barabara haina msemaji wa kulalamika kwa niaba yake.

Nasi wanavijiji tusijitoe. Tumeona mpunga ukianikwa juu ya lami, umezungushiwa mawe kama kitanda cha mboga, na gari linalokuja likilazimika kuhama upande. Tumeona mitaro ikifukiwa ili pikipiki ivuke kuingia dukani, na shamba la migomba likilimwa mpaka ukingo wa barabara, udongo wote ukimiminikia kwenye kalvati mvua ya kwanza. Tumeona vyuma vya kingo za daraja vikiwa vimefunguliwa na kuuzwa kwa kilo. Mtu anayefanya hivyo huwa na mtoto apandaye haisi kwenda shule Tukuyu. Katika Rungwe kuna lile daraja la jiwe juu ya Mto Kiwira, ambalo watu huliita Daraja la Mungu. Hilo halijawahi kudai saruji wala mlinzi. Madaraja mengine yote yanadai, nayo yamejengwa na watu.

Kazi ya mitaro haihitaji mtambo. Inahitaji majembe, makoleo na asubuhi mbili za msaragambo kabla ya mvua kubwa, kila kijiji kwa kipande chake. Na pale ambapo fedha za matengenezo zimetengwa, inahitaji vikundi vya vijana wa hapo hapo vilipwe kwa wakati, si baada ya Aprili kupita. Sisi hatupendi kujitolea kutumike kuwa kisingizio cha kutolipa watu wanaostahili kulipwa. Lakini mwananchi hahitaji barua ya serikali ili kutoa gome la mgomba lililoziba kalvati mbele ya mlango wake.

Tunayo ombi moja kwa makatibu wa matawi, kuanzia Kiwira hata Matema, na kwa madereva ambao hulisoma gazeti hili vituoni wakingoja zamu. Kabla ya mwezi wa tatu, tuandikieni kalvati zilizoziba, mitaro iliyofukiwa na kona ambazo alama zake zimeanguka au zimeibwa. Hatuhitaji majina ya watu wala namba za magari. Tunahitaji kijiji, upande wa barabara, na kitu kilichoko karibu, shule, kanisa au duka, ili fundi akifika apaone. Tutaichapa orodha hiyo katika ukurasa huu huu, na mwezi wa sita tutaichapa tena, pamoja na alama mbele ya kila sehemu iliyotengenezwa na nafasi tupu mbele ya ile ambayo haikutengenezwa.